Jinsi Nilivyomzeesha Mpwa Wangu

Kazi yangu ni kusoma tarehe. Kwa miaka tisa sasa, katika kiwanda kimoja kule Golden Valley, ninasimama mahali ambapo maboksi ya mirija ya hospitali yanapita, na ninalinganisha tarehe iliyochapwa kwenye boksi na ile iliyo kwenye karatasi. Zikilingana, ninagonga muhuri. Zisipolingana, ninainua mkono, mashine inasimama, na watu arobaini wananitazama. Katika miaka hiyo tisa nimeinua mkono mara sita, na mara zote sita nilikuwa sahihi. Nimeziandika.

Ninalitaja hili mapema ili anayetaka kucheka aanze sasa.

Naitwa Kalume. Nilizaliwa Fizi, Kongo, nikamaliza sekondari mjini Baraka, kisha vita vikatuvusha ziwa hadi kambini Tanzania. Nilikaa huko miaka kumi na minane, ndipo nikaletwa Minnesota pamoja na mke wangu na mtoto wetu Elisée. Si mtu wa maneno mengi. Kwenye harusi huwa naketishwa karibu na spika, kwa kuwa inajulikana kwamba sitahitaji kusikia wala kusikika. Lakini ninaandika. Nina madaftari tangu mwaka 1994: mvua ilinyesha lini, nani alitutembelea, alikula nini, aliaga saa ngapi na akaondoka kweli saa ngapi. Kanisani kwetu Brooklyn Park mimi ni katibu. Sikuchaguliwa. Nilianza tu kuandika, na hakuna aliyenizuia.

Kambini karibu kila mtu alizaliwa tarehe mosi Januari. Haukuwa muujiza. Afisa akikuuliza siku ya kuzaliwa nawe huijui, anaandika 01/01, na mwaka mnaukadiria pamoja kama watu wanaopatana bei ya mbuzi. Hata hapa Brooklyn Park, kila mwaka mpya, kanisa hukata keki moja kubwa kwa watu hamsini na watatu, na mchungaji huchoka kutaja majina akifika la ishirini. Familia yetu haikuwamo kwenye keki hiyo. Sisi tulikuwa na tarehe zetu, kila mtu na yake, kwa sababu mimi nilikuwa nimeziandika. Keki ya wenzetu nilikuwa naila kwa huruma fulani.

Mwaka 2012 tuliitwa kwa mahojiano ya kuhamishwa. Mimi ndiye niliyekuwa msemaji wa familia. Mdogo wangu Pascasie, ambaye huniita Yaya, yaani kaka mkubwa, aliketi kando yangu na binti yake, Pacifique, aliyekuwa akinyonya kidole.

"Huyu amezaliwa lini?" afisa akauliza.

"Elfu mbili na saba," Pascasie akajibu. "Mwezi wa tatu, siku ya Jumapili. Uchungu ulinishikia kanisani."

Nikamgusa mkono anyamaze. Nikatoa mkobani shajara yangu ya jalada la kijani, nikafungua pale utepe mwekundu ulipokuwa. Juu ya ukurasa palichapwa: 11 Machi 2006.

"Ni elfu mbili na sita," nikasema.

"Yaya, mimi ndiye niliyezaa."

"Na mimi ndiye niliyeandika. Mama hukumbuka uchungu, hakumbuki mwaka. Kitabu hakisahau."

Afisa alikuwa kijana, amechoka kuandika 01/01 tangu asubuhi. Aliitazama ile shajara kama mtu aliyeonyeshwa kisima. Akaandika 11/03/2006, kisha akanisifu mbele ya foleni nzima. Sifa hiyo niliinukuu jioni ile, neno kwa neno.

Pascasie akapelekwa Uholanzi, mimi Marekani. Huko Uholanzi, alituambia, baiskeli ni kama viatu: daktari anayo, mchungaji anayo, bibi wa miaka themanini anayo. Pacifique akapanda baiskeli kwenda shule, akawapita wavulana, mwalimu mmoja akamwona, na alipofika miaka kumi na mitano alikuwa anafundishwa mbio za ndani ya ukumbi, kwenye njia ya mbao ya mviringo ambayo kingo zake zimeinuka kama bakuli. Baiskeli za mbio hizo zina gia moja na hazina breki.

"Tulikimbia risasi," Pascasie alilalamika kwa simu, "ili mtoto aje apande kitu kisicho na breki."

Lakini alikuwa akinitumia picha kila wiki, nami nilikuwa nikiziandikia maelezo.

Mwaka jana, Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, nikiwa natoa mifuko ya unga garini, Pascasie akapiga simu. Sauti yake haikuwa na salamu.

"Yaya, uko peke yako?"

"Niko na unga."

"Bon. Uweke chini."

Akanieleza. Mwezi wa saba kungekuwa na mashindano ya Ulaya ya vijana, huko Ureno. Kocha alimtaka Pacifique kwa mbio za mtoano. Ila vijana ni waliozaliwa mwaka 2007 au 2008, basi. Aliyezaliwa 2006 amehesabiwa mtu mzima. Anashindana na wanawake wa miaka ishirini na moja, wenye mapaja kama ya ng'ombe dume, na kwa hao nafasi zilikuwa zimejaa kitambo.

"Ni mwaka wake wa mwisho wa utoto," Pascasie akasema. "Na hata huo ameshanyang'anywa. Yaya, huyu mtoto ulimzeesha wewe."

"Mimi sikumzeesha. Nilisoma kilichoandikwa."

"Alizaliwa Jumapili ya elfu mbili na saba. Nilikuwa nimevaa kitenge cha kwaya!"

"Kitenge si ushahidi, Pascasie."

Akakata simu. Mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akauliza kulikoni. Nikamweleza. Akasema kwa upole ule ambao mimi huuogopa, "Baba Elisée, hata mimi nakumbuka kile kitenge."

Kwa wiki mbili sikuifungua shajara ile. Nilijiambia kwamba hakuna sababu ya kutafuta ninachokijua. Ilikuwa kabatini, sanduku la tatu, hatua kumi na moja kutoka kitandani.

Aliyenitoa kwenye ukaidi huo ni Pacifique mwenyewe. Alipiga kwa video, nywele zimelowa jasho, nyuma yake watu wanazunguka kwenye mbao wakivuma kama nyuki. Kiswahili chake kinatembea kwa magongo, lakini kinafika, na mjomba kwake ni Tonton.

"Tonton, shikamoo. Mimi sitaki uongo. Kama nimezaliwa 2006, nimezaliwa 2006, nitatulia. Swali moja tu."

"Uliza, mama."

"Mama anasema Jumapili. Kitabu chako kinasema siku gani?"

Nikamwambia asubiri. Nikaenda zile hatua kumi na moja. Nikalifungua sanduku nikiwa na utulivu wa mtu mwenye haki, nikafungua kwenye utepe. Juu ya ukurasa, kwa chapa nzuri nyeusi: JUMAMOSI, 11 MACHI 2006. Chini yake, kwa mwandiko wangu ninaousifu hadi leo: "Leo Jumapili. Baada ya ibada Pascasie amejifungua mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Kadi ya kliniki Na. 0417/07. Mvua kidogo saa kumi."

Nikaketi sakafuni.

Nikarudi kurasa za mwanzo, Januari, ambazo sikuwa nimezigusa kwa miaka. Kila siku ya Januari ilikuwa imefutwa kwa rula na kuandikwa upya juu yake: Jumapili imekuwa Jumatatu, Jumatatu imekuwa Jumanne. Ndipo kumbukumbu ikanirudia. Shajara zile zilikuwa za mwaka uliokwisha. Shirika moja kambini lilikuwa na maboksi yaliyobaki, na Januari ya 2007 likazigawa bure. Karatasi ilikuwa nzuri mno kuachwa. Nikapanga kurekebisha siku kwa mkono, mwaka mzima. Nikafika tarehe 31 Januari, nikaona kurasa zinachafuka, mistari inaharibu urembo, nikaacha. Mwaka sikuusahihisha popote. Nilijiambia nitakumbuka.

Yaani nilimpokonya mtoto mwaka mmoja wa maisha ili ukurasa upendeze.

Na ile 07 kwenye namba ya kadi? Nimeipitia mara nyingi. Siku zote nilidhani ni namba ya zoni yetu kambini.

"Tonton?" sauti ilitoka kitandani nilikoiacha simu. "Tonton, uko?"

Nitasema ukweli: kwa muda wa pumzi mbili nilifikiria kumwambia kwamba shajara imepotea katika kuhama. Watu wengi wamepoteza vitu vizito zaidi, na nani angenilaumu? Halafu nikairudia simu, nikamwona pale kwenye kioo chake, anajifuta jasho kwa kiko cha mkono, anasubiri kwa adabu.

"Jumapili," nikasema. "Kitabu kinasema Jumapili. Mama yako yuko sahihi. Mimi ni mjinga."

Hakucheka. Alisema tu, "Asante, Tonton," akaenda kupanda baiskeli. Aliyecheka ni mama yake, nusu saa baadaye, na bado anacheka ninapoandika haya.

Mwanasheria waliyetafutiwa na klabu ya baiskeli alisema ofisi ya manispaa yao ingehitaji vitu vitatu: shajara yenyewe, si nakala, barua ya kliniki ya kambi kuhusu ile kadi namba 0417, na kiapo cha maandishi cha mtu aliyekosea, aeleze alikosea vipi. Vyote vifike kabla ya tarehe kumi Juni, siku ambayo kocha alipaswa kupeleka majina.

Kwa kiapo nilikwenda kwa Kerubo, dada Mkisii mwenye ofisi ndogo kando ya duka la vyakula vya Kiafrika hapa Brooklyn Park. Ana kibali cha kushuhudia viapo. Nilimkabidhi kurasa nne.

"Mzee, hii ni kiapo ama ni Agano la Kale?"

"Ni maelezo."

"Watu wa ofisi hawasomi hivi. Niambie kwa mdomo, nita-type. Ulifanya nini?"

Nikamwambia. Alipiga chapa huku midomo ikimtetemeka. Nilipofika kwenye rula akainamisha kichwa.

"Endelea tu, mzee. Nasikia."

"Ndiyo hayo."

"Sawa. Hapa pa chini wanataka kazi yako. Unafanya kazi gani?"

Nilijua yanayokuja. "Niko kiwandani, Golden Valley."

"Kufanya?"

"Nakagua tarehe."

Kerubo alisukuma kiti nyuma, akashika kifua, akacheka hadi mama mmoja aliyekuwa akinunua samaki duka la jirani akaja kuchungulia kama kuna mgonjwa. "Aki mzee, umenimaliza! Tarehe! Sasa hao wa hospitali watapona kweli?" Aligonga muhuri kichwa chini, ikabidi arudie karatasi. Malipo alikataa. Alisema ameshalipwa.

Shajara niliituma kwa posta, nimeifunga kama yai. Kabla ya kuituma nilipiga picha kila ukurasa, na hapo nikagundua mengine. Mwaka wote wa 2007 ulikuwa umekaa mahali pa 2006, pamoja na harusi yangu. Ile sherehe ya miaka kumi ya ndoa tuliyoifanya 2016, tukaalika watu themanini, ilikuwa ya miaka tisa. Nilimwambia mke wangu nikitarajia tufani.

"Nilijua," akasema, akiendelea kukunja nguo.

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Nilisema. Ukaniambia kitabu hakisahau. Nikaona si vibaya, nikanunua gauni mapema."

Miezi ya kusubiri ilinishinda. Kiprop, Mkalenjin ninayefanya naye kazi, alinionea huruma. Alisikia kwamba kule Blaine kuliwahi kuwa na njia ya mbao ya baiskeli kama ile anayokimbilia mpwa wangu, akaniendesha Jumapili moja nikaione. Tulizunguka sana. Mzee aliyekuwa akitembeza mbwa akatuambia ilishabomolewa miaka kadhaa iliyopita. Tukasimama tukitazama majani.

"Buda," Kiprop akasema, "hata uwanja umekuja kuangalia ukiwa umechelewa miaka."

"Sikuujua mwaka."

"Hilo limeshafika kiwanda nzima." Kerubo, ilionekana, alikuwa binamu wa mke wake. "Lakini nyinyi watu wa Kongo, baiskeli ni ya nini? Sisi tunatumia miguu peke yake na dunia inatosheka."

Barua ya kliniki ilifika mwisho wa Mei: kitabu cha uzazi cha mwaka 2007, mstari wa mia nne kumi na saba, mtoto wa kike, kilo tatu na robo, Jumapili. Tarehe sita Juni, siku nne kabla ya mlango kufungwa, Pascasie alinitumia picha ya karatasi ya manispaa. Hakuandika kitu. Nilikuwa kazini. Nikaisoma tarehe mara tatu, 11/03/2007, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa boksi moja likanipita bila kukaguliwa. Nililikimbilia.

Siku ya mbio ilikuwa Jumamosi, saa sita mchana kwetu. Elisée aliunganisha televisheni na kompyuta. Kiprop alikuja na soda, mke wangu akapika sambusa kana kwamba kuna mahari. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimesoma kanuni zote na kuchora jedwali kwa rula: wasichana ishirini, namba zao, nchi zao, na safu ya kuandika nani ametoka na saa ngapi. Pacifique alikuwa namba kumi na nne, nguo ya rangi ya chungwa.

"Sikilizeni," nikawaambia. "Kila baada ya mizunguko miwili, wa mwisho kuvuka mstari anatolewa. Kinachoangaliwa ni gurudumu la nyuma. Wanapungua mmoja mmoja hadi wabaki wawili."

"Kama kanisani wakati wa mahubiri," Kiprop akasema.

Wakaanza. Sitaficha: nilikuwa natazama karatasi kuliko televisheni. Kengele inalia, namba inatokea, ninaandika. Kengele, namba, ninaandika. Mmoja alitoka, wawili, watano. Mke wangu alikuwa amesimama na sahani mkononi akimlilia Mungu kwa Kibembe. Kengele ya sita ikalia. Nikainua macho haraka, nikaona kwenye kona ya kioo namba kubwa, nyeupe: 14.

Nikainua mkono. Ndivyo nilivyozoea. Chumba kizima kikanyamaza kama mashine.

"Ametoka," nikasema. Nikaandika. Kalamu ilikuwa nzito.

"Nani ametoka?" mke wangu akauliza.

"Pacifique. Namba kumi na nne. Tuwe na shukrani, amejitahidi."

"Baba Elisée, si yule pale anakanyaga pedali?"

Elisée akanieleza kwa Kiingereza, maana ndicho anachojibia, na kwa sauti ya daktari anayezungumza na mgonjwa, kwamba ile kumi na nne ni idadi ya wasichana waliobaki.

Kiprop aliteleza kutoka kwenye kochi hadi zuliani. Mke wangu aliweka sahani chini, akaja, akaninyang'anya kalamu. Karatasi akaikalia.

Kwa hiyo yaliyofuata sina kumbukumbu yake ya maandishi, na ninaomba radhi kwa atakayeisoma hii akitaka hesabu kamili. Ninajua tu kwamba niliangalia. Niliona jinsi anavyojificha katikati ya kundi kama mtu asiye na haraka, kisha kengele ikikaribia anapanda juu ya ukingo wa mbao na kushuka kama jiwe. Mara mbili alikuwa wa mwisho hadi mita ya mwisho, na mara mbili akapenyeza gurudumu. Walibaki kumi. Walibaki saba. Wakabaki watano, na mimi nilikuwa nimesimama juu ya kiti, jambo ambalo nimeambiwa na watu watatu na silikumbuki. Wakabaki wanne. Kengele ikalia, Mjerumani upande mmoja, Mwitaliano upande wa pili, njia ikafungwa, na Pacifique wetu akakosa kwa upana wa tairi. Akainua kichwa, akashuka polepole chini ya mbao, akiwa anahema.

Wa nne. Hakuna medali ya wa nne. Mke wangu alilia na kucheka, sambusa zikaliwa zote.

Jioni yao, mchana wetu, simu ikalia. Uso wake ulikuwa na chumvi ya jasho.

"Tonton, uliona?"

"Niliona."

"Uliandika?"

"Sikuandika. Nilinyang'anywa kalamu."

Akageuka kumweleza mama yake kwa Kiholanzi, nikasikia Pascasie akipiga yowe la furaha. Halafu Pacifique akarudi.

"Mwaka ujao niko na wale wakubwa, Tonton. Wenye mapaja. Lakini mwaka huu nilikuwa na wenzangu." Akajifuta pua. "Haya, chukua kalamu sasa. Andika: Pacifique, wa nne. Jumamosi."

Nikaenda kuchukua shajara mezani, nikaifungua, nikaipata siku.

"Ngoja," akasema. "Kwanza funga, utazame jalada. Ni ya mwaka gani?"

Nikaifunga, nikatazama.